Anayebisha Chini ya Ngozi

Kuna kitu kilikuwa kinalia kila asubuhi ndani ya nyumba ya Mzee Maeng Pan-seok, na mjukuu wake, Da-on, alikwisha kuapa kwamba atakisaka na kukivunja.

Haikuwa kelele kubwa. Sauti mbili tu, ya juu na ya chini, ya juu na ya chini, kama mtoto anayemwita mtu asiyetaka kugeuka, kisha kimya. Shida ya nyumba za siku hizi ni kwamba kila takataka iliyomo imefundishwa kuimba. Kitasa cha mlango kinaimba ukibonyeza namba. Mashine ya kufulia inaimba. Friji ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachuka, inanung'unika ukiiacha wazi, na jiko la wali hukutangazia kwamba wali umeiva kwa adabu ambayo Da-on hakuwahi kuiona kwa bosi yeyote aliyemfanyia intavyu. Katika kwaya kama hiyo utamtambuaje mwimbaji ambaye hakualikwa?

Alianza na jiko la wali. Akalichomoa. Kesho yake, ikalia. Akachomoa friji, akatoa betri za kitasa, akaizika simu ya babu yake chini ya magodoro. Ikalia. Asubuhi moja akapanda juu ya kiti, akazima swichi kuu, na nyumba nzima ikakata roho, hata ule mvumo mdogo wa umeme ambao huusikii mpaka siku unapokoma. Da-on akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akingoja.

Ya juu, ya chini. Ya juu, ya chini.

Nyuma yake babu alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kimeza cha chakula, mkono wa kulia umezama ndani ya shati, anatabasamu kama bwana harusi.

"Washa umeme, mjukuu wangu," alisema. "Unamtisha bibi yako."

Bibi Mal-sun alikuwa amekwisha kufa.

Da-on aliwasha umeme, akakaa. Alikuwa amerudi hapa Taebaek tangu majani yaanze kugeuka rangi, na digrii ya historia, na begi moja, na hasira za kutosha wilaya nzima. Kule Seoul alituma maombi ya kazi mpaka vidole vikaota sugu, na hayakujibiwa hata kwa tusi. Tusi lingekuwa nafuu. Anayekutukana, angalau ni mtu.

Na Taebaek yenyewe ilikuwa mji wa watu walioacha kujibiwa. Migodi ya makaa ilifungwa, vijana wakashuka na treni, wazee wakabaki juu mlimani kwenye majengo ya wachimbaji, ghorofa tano, hakuna lifti, madirisha mengi hayana hata pazia. Ghorofa ya juu kabisa zilikuwa nyumba mbili zinazogawana ukuta mmoja: 501 ya babu, na 502 tupu, mlango wake umebandikwa matangazo ya pizza juu ya matangazo ya pizza.

"Babu," Da-on alisema pole pole, "siku ya kumkumbuka Bibi, ulifanya jesa, tambiko la kumlisha marehemu, peke yako?"

"Na nani tena? Baba yako yuko Busan ana mikutano. Ami yako kanipigia simu, eti yeye atamkumbuka moyoni." Mzee akacheka bila sauti. "Mal-sun atakula nini humo moyoni mwake? Nikapika mwenyewe. Samaki, supu ya magimbi, wali, nikasimika kijiko. Nikaandika jina lake kwenye karatasi nyeupe, nikafungua mlango apite."

"Na baadaye ukaichoma."

Mzee akatazama dirishani.

"Babu. Karatasi ulichoma?"

"Nimchome bibi yako?"

"Si Bibi, karatasi! Karatasi ndiyo huchomwa!"

"Hayo utayajua wewe uliyesoma."

Akatoa mkono ndani ya shati. Katika mfuko wa kushoto, juu ya moyo, ilichungulia karatasi nyeupe iliyokunjwa kwa uangalifu mkubwa. Hata mtoto wa chekechea wa pale anajua: aliyekufa hualikwa, hulishwa, kisha huagwa. Unachoma jina, unasema nenda salama, unafunga mlango. Usipochoma, umeacha mlango wazi.

"Sikuweza kumfukuza," alisema mzee. "Nilikaa naye mpaka chakula kikapoa. Kesho yake asubuhi, ndiyo akaanza kuniita."

Chini ya karatasi ile, chini ya shati, chini ya ngozi yenyewe, kulikuwa na kitu kingine. Majira ya kuchipua yaliyopita, moyo wa mzee ulipotea njia mara mbili, na hospitali kubwa ya Wonju ikampasua chini ya mtulinga na kumzika mashine ndogo, kama kisanduku cha kiberiti, yenye waya ulioteremka ndani ya mshipa mpaka moyoni. Kazi yake ni ulinzi: moyo ukienda kombo, inaupiga teke urudi kwenye mstari. Siku ya kutoka aliambiwa mambo mengi kwa mfululizo na kijana asiyeinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. Hakukuwa na ndugu wa kumsaidia kusikiliza. Mzee, ambaye masikio yake yaliharibiwa na baruti za mgodini, alikuwa akiitikia tu kwa kichwa, kama kuku anayedonoa.

Ndivyo alivyorudi nyumbani na mashine kifuani, na desturi mpya ya vidole: kuipapasa, kuigongagonga, kuisukuma huku na kule chini ya ngozi, kama mtu anayechezea kifungo cha koti.

Siku zile za baada ya jesa ndipo harufu ilipoanza.

Da-on aliisikia kwanza kwenye blanketi, akadhani ni unyevu. Baadaye kwenye wali. Ilikuwa harufu ya makaa mabichi, makaa yaliyoloa maji, na ndani yake kitu kichachu, kama nguo za mtu aliyelala na homa wiki nzima. Jengo lao lilikuwa linatumia gesi tangu yeye hajazaliwa. Na tena, hili ndilo lililomkosesha raha, bibi yake hakuwahi kunukia makaa. Bibi Mal-sun alikamua mafuta ya ufuta sokoni maisha yake yote. Ukimkumbatia ulitoka na njaa.

"Babu, Bibi alishawahi kushuka mgodini?"

"Mwanamke mgodini? Aigo, mlima ungemwangukia kila mtu. Hilo nalo hawakuwafundisha chuoni?"

Baada ya harufu, kwikwi. Hazikuwa kwikwi za mtu aliyekula haraka. Zilikwenda kwa mpigo mmoja, sawasawa kama saa ya ukutani, na kila zilipopiga, tumbo la mzee liliruka chini ya shati kana kwamba kuna mtu aliyefungiwa humo anapiga mlango kwa ngumi. Mzee hakuogopa. Alikuwa akiinamisha kichwa, akisikiliza, kisha akikunja kidole na kujibu juu ya mashine yake: ko, ko.

"Unafanya nini?"

"Najibu. Kwetu chini, mlima ukikuziba, unabisha mwambani. Mara mbili: niko hai. Anayesikia lazima ajibu mara mbili: nimekusikia. Awe adui yako, awe amelala na mkeo, utajibu. Mchimbaji asiyejibu hodi si mtu."

"Twende hospitali, Babu."

"Wakaichomoe? Wamtoe? Ili nikae na nani? Na wewe?" Alisema kwa upole, na kwa sababu hiyo iliuma zaidi. "Wewe unangoja simu ya Seoul tu, mjukuu wangu. Ikilia utashuka hizo ngazi kabla hujavaa viatu."

Da-on aliigeuza simu yake kifudifudi mezani, kwa sababu ilikuwa kweli.

Na pengine angeendelea kunyamaza, angejiambia kwamba uzee ni uzee na harufu ni ukungu wa ukutani, kama si asubuhi moja yenye jua kali, jua lililoingia mpaka chini ya meza, mzee akiwa na fulana peke yake, mikono yake yote miwili juu ya meza, mmoja umeshika kijiko na mwingine umeshika bakuli la supu ya machipukizi ya soya, mbele ya macho yake, hatua moja tu kutoka kwake, ambapo Da-on aliinua uso kumwomba chumvi na akaona kile kisanduku chini ya ngozi ya babu yake kinainuka upande mmoja, taratibu, kama samaki anayejigeuza chini ya barafu, kikasimama wima mpaka ngozi ikawa nyeupe kwenye pembe zake, kikatulia kana kwamba kinajua kinatazamwa, kisha kikalala upande wa pili, na waya uliokuwa nyuma yake ukatuna, ukajikunja, ukavutwa kama mtu anayekunja kamba kutoka kisimani, na mikono ya mzee, ile miwili, bado iko mezani, na kijiko hakijatikisika.

Ya juu, ya chini, ikalia.

Safari hii Da-on alikuwa karibu. Safari hii alijua inatoka wapi.

"Umemwona?" mzee alinong'ona.

Da-on alishuka ngazi zote bila viatu.

Ghorofa ya kwanza aliishi Bibi Chu, mganga, mwenye mwanzi na bendera nyekundu na nyeupe juu ya mlango wake. Da-on alikuwa amepita mlango ule kila siku kwa dharau ya msomi. Bibi Chu alifungua mlango akamkuta anatweta, akamtazama miguu.

"Haya, msomi. Leo digrii imeishiwa maneno?"

"Mama, tafadhali. Kuna kitu ndani ya babu yangu."

Mama yule hakucheka. Alichukua bakuli la uji mwembamba wa mchele na kisu cha jikoni, akapanda. Mlangoni pa 501 alisimama, akavuta pumzi puani, uso ukambadilika.

"Mzee Maeng," aliita kwa sauti ya chini, "nani amekuambia huyu ni mkeo?"

"Nilimwita kwa jina lake."

"Ulimwita, ndiyo. Lakini mlango ukiachwa wazi na chakula kikiwa mezani, haingii aliyealikwa peke yake. Huingia na mwenye njaa. Mkeo alikula, akaondoka kwa adabu zake. Huyu ni mwanamume. Msikilize anavyokohoa."

Wakasikiliza. Da-on hakusikia kikohozi. Alisikia kwikwi tu, na harufu ya makaa ikasogea karibu, kama mtu anayetaka kujua anasemwa nini.

Bibi Chu alimtemesha mzee mara tatu ndani ya uji, akakata unywele wake mmoja akautia humo, akamzungushia kisu kichwani huku akifoka, "Umekula, ondoka! Umeshiba, ondoka! Hapa si kwako!" Akakirusha kisu kuelekea mlangoni. Kisu kikianguka na kuelekeza ncha nje, mgeni ametoka. Kilizunguka sakafuni, kikatulia.

Ncha ilielekea kwa mzee.

"Nipe karatasi," alisema Bibi Chu.

"Siyo hii. Hii ni ya Mal-sun."

"Ndiyo anayoshikilia! Jina la mkeo ndilo mkeka anaokalia!"

"Babu, nakuomba," Da-on alipiga magoti, akamshika kifundo cha mkono. "Nakuomba."

Mzee alimtazama mjukuu wake. Kisha akaitoa mwenyewe. Bibi Chu akawasha kiberiti. Karatasi ikashika moto, jina likainuka jivu, na mzee akafungua mdomo, pengine aseme nenda salama.

Hakuwahi. Kifua chake kiliruka kama kimepigwa teke na ng'ombe, na teke hilo lilipita mkononi mwa Da-on mpaka kwenye meno. Mzee akalia. Akapigwa tena. Alipoanguka akapigwa mara ya tatu, akiwa macho wazi, akili timamu, akiuliza, "Kwa nini? Kwa nini? Nilikujibu!"

Da-on alikuwa anapiga simu ya ambulansi akilia. Bibi Chu alirusha kisu tena, na tena. Mara ya mwisho kilitoka kabisa nje ya mlango, kikateleza kwenye korido, kikasimama mbele ya 502, ncha imeelekea kwenye matangazo ya pizza.

Wonju walipiga eksirei. Daktari, mwanamke mwenye macho ya mtu asiyelala, aliigeuza skrini ili Da-on aone. Waya ulikuwa umejizungusha kwenye mashine kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani. Ncha yake ilikuwa imechomoka moyoni.

"Tumeshaona haya kwa wazee," alisema. "Mtu anaichezea bila kujua, inageuka, waya unapanda. Ukapanda, ukawa unachokoza msuli wa chini ya mapafu, ndizo kwikwi. Mashine ikaanza kulia kila siku saa ile ile, kuonya. Ikasikia makelele ya waya, ikadhani moyo umeharibika, ikaupiga. Kuna hatari za aina nyingi: jeraha huweza kuoza, waya huweza kukatika, mashine huweza kupiga moyo usio na kosa. Lakini iliyo mbaya kuliko zote ni siku moyo utakapoharibika kweli, na mashine isiwe na cha kuushikia. Hapo itanyamaza."

"Na kama mtu haichezei? Kama mikono iko mezani?"

Daktari akamtazama kwa huruma ile inayotolewa kwa ndugu wa wagonjwa.

"Tutaishonea kwenye msuli. Haitageuka tena, hata akitaka."

Walimpasua, wakaishona. Siku ya pili baada ya hapo, akiwa na dripu mkononi, mzee alizungumza bila kuulizwa.

"Yule wa 502. Bwana Tak. Alikuwa zamu nyingine, hatukuwahi kula pamoja. Lakini mkewe alipokufa akaanza kubisha ukutani asubuhi. Mara mbili. Nikajibu. Mal-sun alipokufa, nikaanza mimi, akajibu yeye. Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Hata jina lake kamili sikulijua, tungelitumia wapi? Majira ya kuchipua nilipoletwa hapa kuwekewa mashine, sikumuaga. Niliporudi, walikuwa wamemtoa. Wanasema harufu ndiyo iliyowaita. Wanasema mkono wake ulikuwa ukutani, upande wangu."

Da-on alimshika mkono. Haukuwa na umeme tena. Ulikuwa mkono tu, mkavu, mwepesi.

Nyumba iliporudishiwa mwenyewe ilikuwa kimya. Makaa hayakunukia. Kwikwi hazikuwapo. Da-on alimpelekea Bibi Chu lile jiko la wali kama shukrani, kwa kuwa hakuweza tena kuvumilia chochote kinachoimba. Babu alisema atapikia sufuria. Asubuhi mzee aliketi mbele ya meza, mkono ndani ya shati, akisikiliza. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa treni imefutwa na hajaamini.

Kisha Seoul ikajibu. Kampuni moja, cheo kidogo, aanze Jumatatu. Da-on alishuka zile ngazi akiwa na viatu, ndiyo, na machozi pia, na akaahidi kupiga simu kila siku, na kwa muda alipiga. Baadaye akawa anapiga siku moja moja. Kazi ni kazi.

Asubuhi moja alipiga akiwa amesimama kwenye jukwaa la treni za chini ya ardhi, watu wamembana pande zote, hakuna anayemtazama mwenziwe.

"Umekula, Babu?"

"Nimekula. Tumekula."

Nyuma ya sauti ya mzee, mbali lakini wazi: ya juu, ya chini. Ya juu, ya chini.

"Hiyo ni nini?"

"Jiko la wali."

"Jiko la wali liko kwa Bibi Chu."

Kisha kwikwi. Kisha nyingine, sawasawa kama saa.

"Nilishuka mpaka ofisi ya majengo," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto aliyefichua zawadi. "Nikawauliza jina lake. Tak Yong-bae. Jina zuri, eh? Nimeandika mwenyewe, kwa wino. Nikapika. Nikafungua mlango."

"Babu, ichome. Ichome sasa hivi! Daktari alisema nini? Waya ukitoka tena..."

"Najua si bibi yako. Mimi si mjinga." Kwikwi. "Lakini nikibisha, anajibu."

"Nakuja. Leo hii, sikia, naacha kazi, nakuja!"

"Njoo, mjukuu wangu," alisema mzee, kwa upole ule ule. "Mlango utaukuta wazi."

Simu haikukatwa. Da-on alisikia kidole kikigonga juu ya kitu kigumu chenye ngozi: ko, ko. Alisikia ukuta, upande wa pili, ukijibu: ko, ko. Alisikia kwikwi moja zaidi, akangoja ifuatayo, na ifuatayo haikuja. Hata ile sauti ya juu na ya chini ilikuwa imenyamaza.

"Babu?"

Treni iliingia, watu wakamsukuma, akasukumwa nao. Katikati ya umati ule ambao hakuna aliyemjua, Da-on alikunja kidole na kugonga kioo cha simu yake mara mbili.

Jibu lilikuja simuni. Lilikuja kwa pamoja, kutoka pande zote mbili za ukuta.